Mzee akitoka hospitali, nani anakumbuka aliyoambiwa?



Ndugu msomaji, suala la kuwafanyia wema wazazi tunalisikia sana kwenye mimbari. Leo tulitazame katika jambo moja dogo: mzee anapotoka kwa daktari, nani anayajua yale aliyoambiwa?

Baba yangu mdogo anaishi Mpitimbi, Songea vijijini. Ana presha. Sisi watoto tuliopo mjini tulijiona tumetimiza wajibu, kwani kila akisema anakwenda hospitali tulimtumia nauli na pesa ya dawa kwa simu. Siku moja tukaambiwa ameanguka alipoinuka kwenda kuchukua udhu wa Alfajiri. Nilipofika nilimuuliza, "Baba mdogo, daktari alikuambia nini?" Akanijibu, "Mwanangu, alisema nipunguze chumvi." Basi, hilo ndilo lililobaki.

Nikaomba kuziona dawa. Akatoa mfuko wenye bahasha kutoka vituo viwili tofauti. Mbili kati ya hizo zilikuwa dawa moja ile ile ya presha, ila moja iliandikwa jina la dawa yenyewe na nyingine jina la kiwanda. Mzee alikuwa akizinywa zote. Presha ilikuwa ikishuka kupita kiasi, na kila akiinuka anapata kizunguzungu. Kituo cha pili hakikuuliza anatumia dawa gani, naye hakusema. Alhamdulillah, hakuvunjika mfupa. Lakini nilijiuliza: zile pesa tulizokuwa tukituma zilimsaidia, au zilimnunulia kuanguka?

Si uzembe wa wazee

Tusiharakishe kumlaumu mzee. Mwaka 2003 mtafiti wa Uholanzi, Roy Kessels, alikusanya tafiti kuhusu kumbukumbu za wagonjwa. Alionesha kuwa kati ya asilimia 40 na 80 ya maelezo ya daktari husahaulika pale pale, na karibu nusu ya yale yanayokumbukwa hukumbukwa kimakosa. Hao ni wagonjwa kwa jumla. Sasa mweke hapo mzee wa miaka 75 mwenye masikio mazito, aliyeamka usiku kuwahi foleni, ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kingoni, na anayeambiwa mambo sita kwa dakika tano.

Liko na suala la adabu. Wazee wetu wanaona ni aibu kumwambia daktari, "Sijaelewa, rudia." Ataitikia "ndiyo daktari" mpaka mwisho, kisha atoke na bahasha iliyoandikwa 1x2. Maana yake ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku, lakini nyumbani mjukuu anaisoma vidonge viwili mara moja.

Qur'an imekwisha tutahadharisha kuhusu umri huo. Katika Surat An-Nahl (16:70) Allah (s.w.) anatukumbusha kuwa wapo miongoni mwetu wanaorudishwa kwenye umri dhaifu, hata mtu asahau aliyokuwa akiyajua. Na katika Surat Al-Israa (17:23) tunakatazwa hata kuguna mbele ya wazazi wanapofikia uzee wakiwa kwetu. Tuzingatie hilo neno "kwetu". Linataka ukaribu, na ukaribu hautumwi kwa simu.

Mafunzo ya hadithi ya asali

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa mtu mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) kumweleza kuwa nduguye anaumwa tumbo. Akaelekezwa amnyweshe asali. Akarudi kusema haijasaidia, akaelekezwa tena vile vile. Alirudi zaidi ya mara moja, na kila mara maelekezo yalikuwa yale yale, mpaka nduguye akapona.

Hadithi hii tunaisoma sana kwa ajili ya fadhila za asali. Lakini tuangalie aliyekuwa akienda na kurudi. Ni ndugu wa mgonjwa. Yeye ndiye aliyeeleza hali, akabeba maelekezo, akasimamia dawa, akarudisha taarifa, wala hakuiacha tiba njiani. Aidha, imepokewa kutoka kwa Anas (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akisema neno hulirudia mara tatu ili lifahamike. Basi kumuomba daktari arudie si utovu wa adabu.

Na katika Al-Baqarah (2:282) tumeamrishwa kuandika deni, liwe dogo au kubwa, na kuweka mashahidi ili mmoja akisahau mwingine amkumbushe. Ikiwa mali imewekewa kalamu na shahidi, je, uhai wa mzazi?

Tufanye nini?

Kwanza, mzee asiende peke yake, wala asisindikizwe na mtoto wa kubeba mkoba tu. Aende na mtu mzima anayesoma na kuandika. Mama afuatane na binti au mkwe ambaye hatamuonea haya. Mzee aridhie mwenyewe, na siri yake ihifadhiwe.

Pili, abebe dawa zote anazotumia, zikiwemo za miti shamba na zile za maumivu za dukani. Dawa kama diclofenac, ambayo wazee wengi huinunua kwa ajili ya miguu, inaweza kupandisha presha na kuumiza figo.

Tatu, andikeni daftari moja: ugonjwa, jina la dawa, kiasi, saa, ya muda gani, na tarehe ya kurudi. Dawa ya presha au kisukari haiachwi kwa kuwa bahasha imeisha au mtu anajisikia vizuri.

Nne, kabla ya kutoka chumbani mzee aeleze kwa maneno yake alivyoelewa, mbele ya daktari. Asiulizwe "umeelewa?", kwani atasema ndiyo. Aulizwe, "Baba, ukifika nyumbani utazinywaje?" Hapo kosa litaonekana mapema.

Tano, dawa zifungamanishwe na mambo asiyoyasahau. Muulizeni daktari kama ya mara moja inafaa kunywewa baada ya Alfajiri, na ya mara mbili pamoja na chai ya asubuhi na chakula cha usiku.

Sita, swali la Ramadhani liulizwe kabla ya mwezi kuingia. Zipo dawa za kisukari, kama glibenclamide, ambazo kwa aliyefunga zinaweza kuishusha sukari hadi hatari. Allah (s.w.) amempa mgonjwa ruhusa (2:184), na mzee asiionee haya.

Wapo pia wazee wasio na mtoto wa karibu. Misikiti yetu ina vijana wa madrasa wanaojua kuandika. Imamu akiwapanga wawili watatu kuwasindikiza wazee wa mtaa siku za kliniki, hiyo ni ibada isiyohitaji michango wala jengo.

Baba mdogo sasa ana daftari. Kila Jumapili binamu yangu ananisomea kwa simu, na mzee husikika kwa nyuma akimsahihisha. Ndugu yangu uliye mjini, kabla hujatuma pesa wiki hii, mpigie mzazi wako umuulize: daktari alikuambia nini? Kisha nyamaza, usikilize.

Wabillahi tawfiq.