Shamba la shule na ahadi za Berlin

Elimu kwa maendeleo endelevu imetoka wapi?
Ilishika kasi baada ya mkutano wa maendeleo endelevu wa Johannesburg wa 2002. Umoja wa Mataifa uliitengea muongo mzima, 2005 hadi 2014, ukaikabidhi UNESCO. Mei 2021 likatoka Azimio la Berlin, likitaka iingie katika mitaala ya ngazi zote.

Basi ni jambo la kigeni?
Jina tu. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, miaka 10 kabla ya mkutano wa Tbilisi wa elimu ya mazingira. Alitaka shule iwe na shamba, na wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuamua matumizi ya mapato. Nusu hiyo ya pili ndiyo tuliyoitupa. Jembe likawa adhabu ya mchelewaji, na mara nyingi mtihani haukuuliza lolote kuhusu shamba. Kwa maoni yangu, hilo liliidhoofisha Elimu ya Kujitegemea zaidi kuliko uhaba wa fedha.

Mwalimu wa Ikungi, mkoani Singida, aanzie wapi?
Kwenye alizeti. Singida ni nusu jangwa, na msimu wa mvua ni mmoja. Darasa la Tano lipime mvua kwa kopo lenye kingo zilizonyooka, liandike kila siku, kisha lilinganishe na tarehe ya kupanda na mavuno. Hapo umefundisha hisabati, jiografia na sayansi bila kununua kitu. Alizeti ikikamuliwa, mashudu yanalisha kuku, na samadi ya kuku inarudi shambani. Mkoa unaosifika kwa kuku wa kienyeji hauhitaji mchoro wa Ulaya kueleza mzunguko huo. Manyoni na Itigi wana nyuki: anayevuna asali ana sababu ya kutoukata mti kwa ajili ya mkaa.

Siku ya kupanda miti haitoshi?
Haitoshi. Hesabuni miche iliyo hai Oktoba, kiangazi kikiwa kimekolea, si ile iliyopigwa picha na mgeni rasmi.

Mtaala mpya utasaidia?
Ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari, na hiyo ni hatua. Lakini amali bila vifaa wala karakana itaishia ubaoni. Wazazi, kwenye kikao kijacho cha shule ulizeni mambo mawili: mapato ya shamba yametumikaje, na watoto wamejifunza nini humo. Msikubali jibu la swali moja tu.