Somo la Ufugaji: Kihori cha Kuku

Mfugaji wa Kalangalala, mjini Geita, amwagaye pumba na mahindi uani hupata hasara mbili. Kwanza, chakula huchanganyika na kinyesi, yakaenea maradhi ya minyoo na kuhara damu. Pili, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu, na udongo wa mahali palipofanyiwa kazi hiyo hubaki na sumu. Kuku huidonoa, nayo huweza kuingia katika yai, ikamfikia mtoto alilaye.

Basi tengenezeni kihori cha mbao. Kuku mkubwa ahitaji nafasi ya sentimita 10. Kihori cha mita 1, wakila pande zote mbili, chatosha kuku 20. Ukingo wake uwe sawa na mgongo wa kuku. Juu yake wekeni ufito unaoviringika, ili kuku akitua aanguke, asichafue chakula. Jazeni theluthi moja tu, maana kihori kikijaa, kuku hukichakura chakula na kukimwaga.

Karai au ndoo iliyowahi kutiwa zebaki isiwe kihori wala chombo cha maji kamwe, hata ikioshwa. Na kuku wazuiwe wasifike mahali pa kuoshea dhahabu.