Datsun 240Z Gerejini Nyumbani: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Weka grenda chini kwanza. Gari lililo mbele yako halitengenezwi tena, na bodi yake, yenye namba iliyogongwa kiwandani, ndiyo sehemu pekee isiyo na spea. Haya yameandikwa kwa mwenye Datsun 240Z, au mwenye ndoto ya kuwa nalo, anayetaka kulifanyia kazi kwa mikono yake nyumbani.

Huku kwetu Afrika Mashariki gari hili halihitaji kutambulishwa. Lilitoka Japani mwishoni mwa 1969 likiwa na injini ya silinda sita za mstari, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na uzito wa tani moja na ushei. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally. 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nalo tena akiwa na Lofty Drews. Januari 2020, huko Marekani, 240Z ya mwaka 1971 ambayo haikuwa imechezewa iliuzwa mnadani kwa dola 310,000. Wenye grenda watafakari bei hiyo.

Kanuni ni moja na haina msamaha. Kinachofungwa kwa nati, badilisha upendavyo, kwa sababu kesho kitafunguka. Kinachodai kukatwa au kuchomelewa, usikiguse isipokuwa unaondoa kutu.

ANZA NA KUTU. Usinunue hata plagi moja kabla hujajua hali ya bati. Toa viti na mazulia, ubandue ile lami ya kuzuia kelele iliyobandikwa sakafuni kiwandani, kisha gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia. Lililooza hutoa mlio mfu, na mara nyingine bisibisi yenyewe hupita. Angalia chini ya betri: asidi iliyodondoka kwa miaka 50 haikuishia kwenye kibati cha betri, iliteremka hadi kwenye reli ya chini inayobeba mbele ya gari. Kisha kagua shimo la tairi la akiba, ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, na kona iliyo kati ya mlango na gurudumu la nyuma. Chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa isichubue rangi, uipitishe kwenye kona hizo. Isiponata, pana pati, na chini ya pati pana siri ya mwenye gari aliyekutangulia.

USIZIBE KUTU KWA PATI. Kata hadi ufikie bati safi, chomelea bati jipya lenye unene uleule, ndipo upake kinga. Hapa tu ndipo grenda ina ruhusa.

USIKATE RELI ZA CHINI GARI LIKIWA LIMENING'INIA OVYO. Bodi ya gari hili haina chasisi ya kando. Sakafu na reli ndizo zinazolishika. Ukikata upande mmoja bila kulikaza kwa vyuma, bodi hujipinda, na utalijua hilo siku milango itakapokataa kufunga. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili. Pima mianya ya milango kila hatua. Kama hujawahi kuchomelea bati jembamba, muite fundi anayejua na wewe ushike taa. Si aibu.

BREKI KABLA YA NGUVU. Kijana anayeongeza kabureta kwenye gari lenye breki za 1971 namhesabu miongoni mwa watu hatari barabarani, hata kama ni mpole nyumbani. 240Z lina diski mbele na ngoma nyuma, na mpangilio huo ukiwa mzima unatosha kwa barabara ya kawaida. Kwa hiyo anza kwa kuurudisha katika uzima wake: diski, pedi, silinda ndogo za nyuma, mafuta mapya, na hasa mipira ya breki. Mpira mzee huvimba kwa ndani ukiwa mzuri kwa nje. Breki inashika, mguu unatoka, gurudumu haliachii.

Anayetaka zaidi ana njia ambayo wapenzi wa gari hili wameitumia kwa miaka mingi: kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux 4x4 za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zinakaa kwenye matundu yaleyale ya bolti, na cha kuondoa ni kibati cha kuzuia vumbi nyuma ya diski. Sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati hapa, maana Hilux si mgeni kwa muuza spea wa Gerezani wala wa Kirinyaga Road. Lakini usinunue kwa jina. Beba kalipa ya zamani mkononi, linganisha matundu na unene wa diski mbele ya muuzaji, na hakikisha rimu zako zinapita juu yake bila kukwaruza. Pistoni kubwa hudai mafuta mengi, kwa hiyo pedali hushuka. Ndiyo maana wengi huweka pia masta silinda ya inchi 15/16 kutoka 280ZX, Datsun ya baadaye ya familia hiyohiyo, badala ya ile ya 7/8. Ukishafunga, jaribu kwanza kwenye uwanja mtupu, kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha ongeza kidogo kidogo. Angalia kama magurudumu ya nyuma yanawahi kufunga au yanachelewa. Barabara ya Naivasha si mahali pa kugundua hilo.

Usitumie bomba la shaba tupu kupeleka mafuta ya breki. Linapindika kirahisi na linapendeza macho, lakini mtikisiko hulichosha likapasuka. Na usichanganye mafuta ya DOT 4 na ya DOT 5, ambayo ni ya silikoni. DOT 4 ikidondoka kwenye rangi, mwaga maji mara moja; usisubiri umalize kazi.

USIKATE SPRINGI. Najua gari likilala chini linapendeza kwenye picha. Springi iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikombe chake, na gurudumu likining'inia juu ya shimo inaweza kuhama mahali pake. Ukitaka kulishusha, nunua springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo pamoja na shokapu zinazolingana nazo, uhifadhi za asili. Wala usisahau kwamba magari yaliyoshinda Safari hayakuwa yamelalia tumbo.

Ukifika nyuma utakutana na pini mbili ndefu zinazoshikilia mikono ya magurudumu. Hizo zimeua subira ya watu wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya gari hili. Kutu huzigandisha ndani ya chuma. USIZIPIGE NYUNDO: utaharibu uzi wa ncha na pini haitatoka. Zimwagie mafuta ya kupenya siku kadhaa kabla, tumia kivutio cha bolti na moto wa kiasi, na zikikataa kabisa peleka mkono mzima kwa mwenye presi.

USIKATE FENDA ILI UINGIZE TAIRI PANA. Matairi ya asili ni 175 kwenye rimu za inchi 14, bolti nne za 4x114.3. Unaweza kupanda hadi rimu za inchi 15 zenye upana wa wastani bila kugusa bati. Anayependa umbo pana aangalie 240ZG iliyouzwa Japani kuanzia 1971: fenda zake zilipanuliwa kwa vipande vya kufunga juu, na pua ndefu ilifungwa kwa bolti. Nissan, waliolitengeneza gari hili, wenyewe walionyesha namna ya kufanya hivyo, kwa nini wewe ukimbilie grenda?

UMEME UUPE RILEI. Mhandisi wa 1969 alipitisha umeme wote wa taa kubwa kwenye swichi ya stelingi na kisanduku cha fyuzi, bila rilei. Fungua kisanduku hicho utazame viunganishi vya taa: mara nyingi plastiki imegeuka kahawia kwa joto. Weka rilei mbili, moja ya taa za juu na moja ya taa za chini, zikivuta umeme kutoka betri kupitia fyuzi zake. Taa zitang'aa zaidi na swichi itaishi. Hii ndiyo kazi ya kwanza ya umeme, kabla ya redio na mapambo.

Ukibadilisha alteneta ya zamani kwa ile ya 280ZX yenye regyuleta ndani, usisahau dayodi kwenye waya wa kuiamsha. Bila hiyo, unazima ufunguo na injini inaendelea kunguruma. Na kila waya unaouongeza, uchore kwenye karatasi, ubaki na gari.

INJINI YA ASILI USIITUPE WALA USIIUZE. Kwenye chumba cha injini kuna kibati chenye namba ya injini iliyokuja na gari. Namba hiyo ikilingana na iliyogongwa kwenye bloku, una kitu ambacho mnunuzi mwenye akili atakilipia. Ukitaka nguvu zaidi bila kuliharibu gari, tafuta L28 ya sentimita za ujazo 2,753 iliyokuwa kwenye 280Z. Ni ndugu wa damu wa L24, injini yako ya asili, na inakaa kwenye vishikio vilevile. Ile ya asili ipake mafuta, ifunike, iweke kwenye kona kavu. Kuhusu injini za V8, Wamarekani wamekuwa wakizipachika humo tangu miaka ya 1970. Hukumu yangu ni fupi: kama inadai kukata, hapana.

Usinunue kabureta tatu za Weber kabla hujahakikisha kwamba zile mbili za asili zimeshindwa kweli. Rekebisha kwanza vali injini ikiwa ya moto, milimita 0.25 kwa za kuingiza na 0.30 kwa za kutoa. Hakiki mpangilio wa plagi, 1-5-3-6-2-4, na majira ya cheche. Mara nyingi "kabureta mbovu" ni hewa inayoingia kwenye gasketi iliyokauka.

Sasa gereji yenyewe, na hapa sitanii. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota nati. Stendi mbili, ardhi ngumu, vizuizi kwenye magurudumu, kisha lisukume kwa bega kabla hujajilaza. Usichomelee karibu na tangi la petroli. Litoe, ulipeleke mbali. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Usisafishe bati kwa dawa ya breki yenye klorini kisha ukalichomelea, maana moto huigeuza kuwa gesi ya fosjini, ambayo ni sumu kali. Vumbi la breki za zamani usilipulize kwa kompresa: linaweza kuwa na asbesto. Lilowanishe kwa maji, ulifute, kitambaa kikatupwe. Na usiwashe injini milango ya gereji ikiwa imefungwa.

Moshi una habari nyingine pia. 240Z lina tabia inayojulikana ya kuvuta moshi wa ekzosi ndani kupitia mlango wa nyuma na taa za nyuma, raba zake zikishazeeka. Ukisikia harufu ukiwa unaendesha, usifungue dirisha ukaridhika. Badilisha raba za mlango huo na gasketi za taa, na urefushe ncha ya ekzosi ipite bampa. Kaboni monoksidi haina harufu, na unachonusa ni wenzake tu.

Mwisho, karatasi. Umebadilisha injini au rangi? Nenda kwa wasajili wa magari, TRA kama uko Tanzania, NTSA kama uko Kenya, kadi ya gari iseme kilichopo. Sehemu zote za asili ulizotoa ziwekee lebo na uzipange kwenye sanduku moja, ziende na gari siku utakapoliuza.

Na kama baada ya haya yote bado mkono unawasha na unataka kukata, tafuta bodi ya 240Z iliyokwisha kuoza isiyookoleka, ukate hiyo mpaka uchoke. Hiyo nzima muuzie mtu atakayeitunza.