Kupanda Mlima Pamoja: Somo juu ya Njia, Ardhi na Mapatano

Katika somo hili tunazungumza juu ya watu wanaopanda milima mwisho wa juma kwa kupenda tu. Huenda jambo hili litaonekana geni. Sisi wa Kivu tunaijua milima kwa miguu na migongo yetu. Tunaipanda na magunia ya mihogo, na wengi wetu tuliipanda usiku tukibeba watoto tukikimbia vita. Hata hivyo, historia ya vyama vya watembea milimani huko Uingereza inatufundisha mambo mawili: jinsi ugomvi wa ardhi unavyoweza kufikia mapatano, na jinsi kundi linavyosafiri bila kumwacha mtu nyuma.

1. Mlima uliofungwa

Kati ya miji ya Manchester na Sheffield kuna mlima unaoitwa Kinder Scout. Si mrefu, una mita 636 tu. Zamani watu wa vijiji vya huko walichunga mifugo na kukata kuni katika nyanda za juu. Baadaye sheria ziliwapa matajiri nyanda hizo, zikazungushiwa mipaka. Kinder Scout ukawa mahali ambapo wenye mali na wageni wao waliwinda ndege kwa siku chache za mwaka. Siku zote zilizobaki walinzi wao waliwafukuza wapita njia.

Miji hiyo miwili ilijaa wafanyakazi wa viwanda, na moshi wake ulikuwa mzito. Siku ya Jumapili vijana walipanda treni kwenda kutafuta hewa safi, wakaunda vyama vya kutembea pamoja. Walipoufikia mlima, walikuta umefungwa. Kwa miaka mingi vyama vikubwa viliomba sheria ibadilishwe, lakini bunge halikuwapa walichotaka.

Tarehe 24 Aprili 1932, vijana mia kadhaa walianza safari katika kijiji cha Hayfield, wakaupanda mlima bila ruhusa. Aliyewaongoza alikuwa Benny Rothman, kijana wa miaka 20 kutoka Manchester. Walinzi wakawazuia, watu wakasukumana na kupigana, na mlinzi mmoja akaumia. Waliporudi kijijini polisi waliwakamata baadhi yao. Watano walihukumiwa kifungo cha kati ya miezi miwili na sita. Rothman alipewa miezi minne.

2. Kutoka gerezani hadi mezani

Tuangalie kilichofuata. Hata watembeaji wenyewe hawakuwa na sauti moja. Viongozi wa vyama vya zamani waliona kwamba vijana wameharibu mazungumzo yao na wenye ardhi. Lakini adhabu ile iliwaumiza raia wengi, na majuma machache baadaye maelfu ya watu walikusanyika katika bonde lililo jirani kudai haki ya kutembea.

Vyama viliendelea kuandika barua, kukutana na wabunge na kuchora ramani za njia. Mwaka 1949 bunge lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa na ya kuingia mashambani. Mwaka 1951 eneo la Peak District, ambamo Kinder Scout umo, likawa hifadhi ya kwanza ya taifa katika Uingereza. Katika miaka ya 1950 wenye ardhi walianza kutia sahihi mikataba ya kuwaruhusu watembeaji. Mwaka 2000 sheria nyingine iliwapa watu wote wa England na Wales haki ya kutembea kwa miguu katika milima na nyika zilizowekwa kwenye ramani rasmi.

Sheria hiyo haikumnyang'anya mwenye ardhi shamba lake. Mtembeaji hana ruhusa ya kukanyaga mazao, kuwasha moto wala kuchunga mifugo. Mwenye ardhi anaweza kufunga eneo kwa siku fulani za mwaka. Tena kuna mabaraza ya mahali ambapo wakulima, wenye ardhi na watembeaji huketi pamoja kutoa maoni.

Mwaka 2002, katika kumbukumbu ya miaka 70 ya tukio lile, Duke wa Devonshire alisimama mbele ya watu akaomba msamaha hadharani. Babu yake ndiye aliyekuwa mmoja wa wenye mlima mwaka 1932. Rothman hakuyasikia maneno hayo, kwa kuwa alifariki Januari mwaka huohuo, miezi mitatu tu kabla.

3. Jinsi kundi linavyotembea

Sasa tuje kwenye safari zenyewe. Vyama hivi vina desturi ambazo kiongozi yeyote anaweza kuziiga, hata akipeleka watu sokoni au kwenye kisima cha mbali:

• Kabla ya kuondoka, kundi huacha habari kwa mtu anayebaki: njia gani, watu wangapi, saa gani watarudi. Saa ikipita, mtu huyo anaita msaada.

• Muda hupimwa kwa hesabu, si kwa tamaa. Mwaka 1892 William Naismith wa Scotland alitoa kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa mfano, kilomita 10 zenye mwinuko wa mita 600 ni saa tatu, bila mapumziko.

• Mmoja anatangulia, mwingine mwenye uzoefu anafunga safu. Mwendo ni wa yule aliye mwepesi wa kuchoka, wala hachekwi.

• Saa ya kugeuka inakubaliwa mapema. Ikifika kabla ya kilele, wote wanarudi.

• Mwenye shida hupuliza filimbi mara sita, anangoja dakika moja, kisha anarudia. Anayesikia hujibu mara tatu.

4. Tunajifunza nini?

Hatuwaambii vijana wetu wavunje mipaka ya mashamba. Kinder Scout walinzi walikuwa na fimbo. Katika milima yetu kuna bunduki, na mahali pengine kuna mabomu yaliyoachwa ardhini. Hatua kama ile inaweza kuleta vifo. Lakini mengine yanatufaa.

Familia nyingi zinaporudi kijijini hukuta njia ya kwenda mtoni imezibwa, au shamba la mababu limeingizwa ndani ya shamba kubwa la mwenye hati. Sheria yetu ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, ila familia nyingi zinatumia ardhi kwa desturi, bila karatasi. Hapo ndipo hasira huanza.

Kwanza, tutenganishe kumiliki na kupita. Mara nyingi familia haihitaji kuchukua shamba, inahitaji njia ya maji, ya kuni au ya shule. Kuomba njia ni rahisi kuliko kuomba shamba, na makubaliano ya njia yanaweza kufungua mlango wa mazungumzo makubwa.

Pili, makubaliano yaandikwe, yachorwe, na yawe na masharti kwa pande zote mbili: njia ipi, mifugo ipite au isipite, nani atalipa mazao yakikanyagwa. Mwami au chifu awepo, na akina mama pia, kwa sababu wao ndio wanaopita kila siku.

Tatu, wazee na vijana wasikilizane kabla hasira haijatoka nje.

Nne, msamaha wa hadharani una uzito, hata ukitolewa na mjukuu. Ila tusingoje miaka 70. Wazee walioona mpaka ukiwekwa wanafariki, nao wanaondoka na ushahidi wao.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni njia gani ilifungwa, na nani anaumia zaidi?
2. Mwenye shamba anaogopa nini tukipita kwake? Tumemwuliza?
3. Tukisafiri pamoja, nani anafunga safu?
4. Ni mzee gani anayejua mipaka ya zamani, na tutaandika lini maneno yake?

Tunawaomba viongozi wa vikundi wasome somo hili kwa sauti kwa wasiojua kusoma, na waanzie swali la pili.