TUTIE KALAFATI KABLA YA SAFARI

Ndugu wasomaji wa pwani, mashua inayovuja huua watu. Mara nyingi mbao bado ni nzima. Kilichochakaa ni kalafati tu.

Kalafati ni pamba inayotiwa katikati ya ubao na ubao. Mashua ikikaa juani siku nyingi, mbao hukauka na nafasi hupanuka. Ikirudi majini, mbao huvimba na kuibana pamba. Maji hayapiti. Lakini pamba iliyooza haibaniki, hutoka.

Tufanye hivi:

1. Tuipandishe mashua ufukoni wakati wa bamvua, maji yakijaa. Yakipwa tuiegemeze kwa miti.

2. Tutoe pamba yote iliyooza. Tukague misumari. Ubao uliotobolewa na wadudu wa baharini tuubadilishe.

3. Tusokote pamba mpya, tuichovye katika mafuta ya nazi au sifa, yaani mafuta ya papa. Tuigongee kwa nyundo na chembeu, ile patasi butu. Tusishindilie mno: mbao zikivimba zitasukumana, misumari italegea.

4. Chini, panapokaa majini, tupake deheni, yaani chokaa na shahamu. Deheni huzuia wadudu. Juu tupake sifa.

Mafundi wa Nungwi na Matondoni wamerithi kazi hii kwa wazee wao. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na baharini, jamani, hakuna pa kujenga ukuta.

MASWALI

1. Kwa nini mashua iliyokaa juani huvuja?
2. Deheni hufanya kazi gani?
3. Kijijini kwenu nani fundi wa kalafati?