Udongo na Maji: Mfano wa Mkoa wa Tanga

Mvua ya masika inaponyesha mkoani Tanga, mashamba hayanufaiki nayo sawasawa. Katika mwambao wenye minazi, maji huzama upesi katika udongo wa kichanga. Katika milima ya Usambara hupenya udongo mwekundu. Na katika mabonde ya udongo mweusi hutuama. Tofauti hiyo yatokana hasa na ukubwa wa chembe za udongo na jinsi zilivyoshikana.

Chembe ya mchanga ina upana wa milimita 0.05 hadi 2. Ya mfinyanzi haifiki milimita 0.002. Katika nafasi kubwa zilizo kati ya chembe za mchanga, maji hushuka kwa uzito wake. Katika nafasi finyu za mfinyanzi, maji hunata. Kwa hiyo mfinyanzi huhifadhi maji mengi, lakini sehemu kubwa hushikwa kwa nguvu ipitayo ile ya mizizi. Udongo tifutifu, wenye mchanganyiko wa chembe zote, ndio uupao mmea maji mengi zaidi.

Tuchukue mfano. Udongo wa kichanga waweza kuupa mmea milimita 70 za maji katika kina cha mita moja. Tifutifu milimita 150. Mizizi ya mahindi ikifika sentimita 50, na shamba likitumia milimita 5 kwa siku, akiba ya kichanga itakwisha kwa siku 7, ya tifutifu kwa siku 15. Mvua ikikatika kwa siku kumi, mahindi ya kichangani yatanyauka.

Udongo mwekundu wa Usambara una mfinyanzi mwingi, lakini madini ya chuma hugandamanisha chembe zake kuwa vibonge vyenye nafasi kati yake. Ndiyo sababu hupitisha maji vizuri. Udongo mweusi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka.

Jaribio: Toboa matundu chini ya makopo matatu yaliyo sawa, uyatandike kitambaa. Tia gramu 200 za udongo mkavu wa aina tofauti katika kila kopo, kisha sentimita 200 za ujazo za maji. Pima maji yaliyotoka baada ya saa moja.

Maswali:
1. Ni udongo upi uliobakiza maji mengi? Je, yote yatafaa mmea?
2. Rudia jaribio kwa kuchanganya mchanga na samadi iliyooza. Matokeo yanamfunza nini mkulima wa mwambao?