Somo kwa Vikundi: Treni Mbili, Njia Moja

Somo la leo tunalitoa katika mchezo wa kompyuta. Wazee wasicheke, maana vijana wanaoucheza wanafahamu jambo ambalo vikao vyetu vinalihitaji.

Mchezo unaitwa OpenTTD. Ulianza kutolewa mwaka 2004 na hauuzwi. Mchezaji hujenga reli na vituo, kisha huipa kila treni orodha ya vituo vyake. Treni hujiendesha zenyewe. Kazi yake ni kuangalia zisizibiane njia.

Inayosumbua ni reli ya njia moja. Waliotoka Kalemie wanaijua: treni ya kwenda Kabalo na ile ya kurudi hupita reli ileile. Katika mchezo, taa za ishara hugawa njia vipande-vipande, na kipande kimoja huingiwa na treni moja tu. Mchezaji mgeni anadhani hiyo inatosha, anaweka taa nyingi katikati. Treni ya mashariki inaona kipande cha mbele kiko wazi, inaingia. Ya magharibi nayo vilevile. Zinasimama zikitazamana, na nyuma yao foleni inakua. Hakuna iliyovunja sheria! Kila moja ilikuwa na haki ya kuingia, lakini hakuna aliyeuliza itatokea wapi.

Dawa yake ni kuondoa taa za katikati na kuziweka penye njia ya kupishana tu. Toleo la mwaka 2009 lilileta taa za namna nyingine: treni hushika kwanza njia yote hadi mahali pengine pa kusubiri, ndipo iondoke. Isipoipata, inangoja mahali isipomzuia mwingine. Na njia ya kupishana iwe ndefu kuliko treni. Mkia ukibaki nje, hakuna anayepita.

Kuna pia amri ya kungoja mpaka treni ijae. Mzigo ukiwa haba, treni inakaa kituoni, na zenye abiria zinakwama nyuma yake. Kwa hiyo wachezaji wengine huweka ratiba yenye muda wa ziada, ili iliyochelewa ijirudishe bila kuvuruga zingine.

Kama hamna kompyuta, chora chini kwa kijiti vyumba 7 katika mstari mmoja, na chumba kimoja zaidi pembeni ya kile cha katikati. Kundi moja lipewe mawe 2 meupe upande huu, jingine mawe 2 meusi upande ule. Kila zamu ni hatua moja, kurudi nyuma ni marufuku, na jiwe likivuka mstari wote linatoka. Mara ya kwanza wacheze bila kusemezana. Mawe yote 4 yakishaingia njiani, yatakwama. Mara ya pili waruhusiwe kuongea kabla ya kuanza. Mtaona kwamba jiwe la pili la angalau upande mmoja linapaswa kungoja hadi lile la kwanza la upande mwingine lifike.

Halafu kikundi kizungumze juu ya robine inayotumiwa na wenyeji pamoja na sisi tuliohamishwa. Nani anaingia kwa sababu ameona nafasi tu? Nani anashika robine mpaka bidoni zake zote zijae, na mama mwenye bidoni moja amesimama nyuma? Mahali petu pa kupishana ni wapi, na nani atakubali kungoja hapo kwanza?